Mbuzi wa Ntheo na Habari za Dunia

Kitengela,
Februari 11, 2007.

Mpendwa Mama,

Pokea salamu za mwanao aliyekukosa sana. Natumai goti lako limepoa na mvua haikuharibu mbaazi zote. Mimi ni mzima wa mwili, Mungu ashukuriwe, ila usingizi umenikimbia. Ningepiga simu, lakini mambo haya hayasemeki kwa simu ya jirani. Phylis, najua ni wewe unayemsomea Mama. Dada yangu, usiruke mahali, hata ukiona aibu kwa niaba yangu.

Mama, uliuliza kwa nini sikuja Krismasi. Ni kazi. Nasikia watu wa kanisa wakikuuliza ninafanya nini, unawaambia nimeandikwa kusoma magazeti, na hujakosea sana. Hapa kwenye shamba la maua kazi yangu ni kufuatilia hatari za biashara ulimwenguni. Kila asubuhi nasoma habari za ng'ambo kwenye kompyuta, kisha namwandikia mkurugenzi wetu, Bwana Hiram, ukurasa mmoja: mafuta ya ndege yamepanda, yuro imeshuka, madereva wa malori Uholanzi wanataka kugoma. Kando ya kila habari natia rangi. Nyekundu ni hatari ya leo, manjano ni ya kuangaliwa, kijani ni ile isiyotuhusu. Bwana Hiram huwaambia wageni kwamba mimi ni macho ya kampuni, na sifa hiyo niliipenda, sikufichi.

Ubaya ni kwamba kazi hiyo niliileta nyumbani. Tangu nianze kukaa na Mutindi umekuwa ukiniambia nipeleke mbuzi watatu wa ntheo kwa baba yake, Mzee Munguti, kule Kajiado, ili kwa mila yetu ya Kikamba awe mke wangu kwelikweli. Kila mwaka nilikuwa na sababu. Mara vita vya Iraki, nikasema maua yatakosa soko. Mara bei ya mafuta. Mara homa ya ndege huko Asia, ambayo mpaka leo sijui ingewafanya nini mbuzi wetu. Nilitaka dunia itulie kwanza. Mutindi alikuwa akinicheka, akisema najua bei ya mafuta ya Uarabuni lakini sijui bei ya mafuta taa kwa duka la Akoth hapo chini. Baadaye aliacha kucheka.

Mutindi alipokuwa mjamzito, Mzee Munguti alikuja mwenyewe, mwezi wa Novemba. Hakugombana. Alikunywa chai, akauliza habari za maua, halafu akasema kwamba msichana ambaye mbuzi wake hawajafika atazalia kwao. Mtoto akitangulia mbuzi, atakuwa wa ukoo wa mama yake, na jina atalitoa yeye. Akamchukua binti yake wakaenda. Hakuna aliyehitaji kunieleza maana yake. Mvulana wa kwanza ndiye wa kurudisha jina la Baba, Kiema wako, na tangu tumzike umekuwa ukingoja umpakate mjukuu mwenye jina lake umwite "mume wangu".

Desemba sikwenda popote kwa sababu tulikuwa tunaandaa maua ya Februari, ile siku ya wapendanao. Rafiki yangu Maina, aliye na pikapu, aliniambia nisicheze, twende sokoni hata Jumapili baada ya ibada. Nikamjibu kwamba mtoto ni wa mwisho wa Januari na nafasi bado ipo.

Mwaka mpya nikaenda Kajiado. Soko la mifugo lilikuwa limefungwa kwa sababu ya homa ya Bonde la Ufa, na ilikuwa marufuku kuhamisha mnyama yeyote. Langoni nilimkuta mzee mmoja Mmaasai. Nilimwamkia "Sopa", akaitikia "Epa" bila nguvu, akaniambia mbuzi wake wote wenye mimba wameitoa, na kuniuzia mbuzi ni kuniuzia ugonjwa. Nikakimbilia Matasia kwa mama mmoja anayefuga, Jane. Yeye alikubali kuuza, lakini safari hii Maina ndiye aliyekataa, akasema pikapu yake haitalala kituo cha polisi kwa sababu ya mahari ya mtu mwingine. Mwishowe nikaenda mikono mitupu kwa Mzee Munguti, nikamwomba apokee pesa mahali pa mbuzi. Alisema mbuzi wa ntheo huingia boma kwa miguu yao wenyewe, na kwamba si yeye aliyeanzisha mila hiyo. Alisema kwa upole. Heri angenifokea.

Sasa, Phylis, soma polepole.

Mama, homa hiyo niliisoma kabla ya Krismasi, wakati kule Kajiado watu walikuwa bado wananunua mbuzi wa sikukuu. Ilikuwa kwenye habari zangu za asubuhi: mifugo wanakufa upande wa Garissa, mvua imezidi, mbu ni wengi. Nikawaza, sisi tunauza waridi, hatuuzi nyama. Nikaitia kijani. Isiyotuhusu. Kisha nikarudi kuangalia yuro.

Mtoto amezaliwa, Mama. Ni mvulana. Mutindi alijifungua salama, na mtoto ni mnene, masikio yake ni ya Baba kabisa. Siku ya kumpa jina nilisimama nje na wageni. Mzee Munguti akampa jina lake mwenyewe, wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga makofi pamoja nao. Nimeumia, Mama. Nakuonea haya hata kwenye karatasi.

Mutindi aliponipa nimshike aliniuliza kama bado nasoma zile habari. Ndiyo, bado nasoma. Kila asubuhi, kabla ya yuro na mafuta, natafuta kama soko la mbuzi limefunguliwa. Homa hiyo sasa iko kwenye ukurasa wa Bwana Hiram kwa rangi nyekundu, na hajaniuliza inahusu maua vipi.

Tafadhali usiuze yule beberu wako mweusi na wale majike wawili. Wakifungua barabara kwa mifugo nitakuja siku hiyo hiyo, dunia iwe imetulia au haijatulia. Mutindi atarudi nyumbani na mtoto atakuwa wetu, ila jina limeshatolewa. Ukija kumwona, mpakate tu. Lile neno ulilokuwa umemwekea, nakuomba umwekee ndugu yake, Mungu akitujalia.

Wasalimie watu wa kanisa, na Mjomba Mulei. Funga goti hilo kwa kitambaa cha joto, na Phylis asikuache uchote maji.

Ni mimi mwanao,
Isaac,
Baba Munguti.