Unga Chini ya Chungu

Jumanne, 10 Februari
Nimefagia, nimefungua makumbusho, nimesimulia. Makundi manne, yote ya wanafunzi. Habari ya kitanzi ambacho wakoloni waliwanyongea mashujaa wetu naisimulia siku hizi kama kondakta anayetaja vituo. Desemba nilipoanza nililia. Mkataba wangu wa muda unaisha mwisho wa mwezi. Wataajiri mwongoza wageni mmoja, na tuko watatu. Bosi hapendi uchafu wala ubishi. Basi mimi msafi na bubu.

Alhamisi, 12 Februari
Mvua. Wageni wawili tu, mmoja alikuwa anatafuta choo.

Saa nane akaja bibi kutoka upande wa Namtumbo, miguu tope tupu. Hakutaka kusimuliwa. Babu wa mama yake yumo katika lile kaburi la pamoja hapa uwanjani, kati ya walionyongwa. Akamwaga unga wa ulezi pembeni ya kaburi, ukasimama kama kichuguu, akaufunika kwa chungu. Mjukuu wake amelazwa hospitali ya Peramiho. Mguu umeoza, madaktari wanataka kuukata. Mtoto hana wazazi, bibi ndiye wa kutia dole gumba kwenye fomu ya ruhusa. Kwanza anawauliza wazee wake. Asubuhi akikuta unga umesimama, wamekubali. Ukivurugika au ukitoweka, wamekataa.

"Uniangalizie, mwanangu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Saa kumi bosi akapita, akaona chungu. Kesho wanakuja watu wa kukagua uwanja kabla ya siku ya kumbukumbu ya mashujaa. Akasema toa. Nikatoa. Ningeweza kumweleza kwa maneno matano. Sikusema hata moja. Chungu nimekiweka stoo, unga kwenye kontena langu la chakula. Nitawahi alfajiri, niusimamishe upya, bibi hatajua.

Ijumaa, 13 Februari
Bodaboda ilikwama kwenye tope. Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Bibi alishafunguliwa geti na mlinzi. Amekaa chini, mbele ya mahali patupu.

"Wamekataa," alisema. Hakulia.

Kontena lilikuwa kwenye begi, begani kwangu. Bosi yuko hatua tano, anapanga viti. Nikafungua mdomo.

"Pole, bibi."

Ndicho kilichotoka. Mwoga mimi. Akashukuru kwa pole, akajikung'uta, akaenda stendi. Wakaguzi wamesifu usafi.

Jumapili, 15 Februari
Baada ya misa nikapanda gari la Peramiho. Kontena nilikuwa nalo. Nilikwenda kusema. Muuguzi akaniambia bibi alimchukua mtoto jana, walimsihi hakusikia. Jina wala kijiji hakunipa, mimi si ndugu. Ana haki. Majina ya walionyongwa nayasoma bila karatasi. La bibi sikuuliza.

Jumatano, 18 Februari
Hakuna la kuandika.

Jumatano, 25 Februari
Barua imetoka. Wamenichukua mimi. Mama alipiga vigelegele kwenye simu mpaka majirani wakaja. Bosi anasema nina nidhamu.

Jumamosi, 28 Februari
Kumbukumbu imepita. Asubuhi tumeokota chupa za maji.

Bibi amerudi, peke yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja kaburini. Akamwaga unga, akaufunika kwa chungu kingine. Safari hii hakuwauliza wazee kitu. Mjukuu amemzika Jumatatu. Anawaomba wazee wampokee mtoto, maana ni mdogo, na anachechemea.

"Uniangalizie tena, mwanangu. Wewe ndiye uliyenipa pole."

Nikasema ndiyo, bibi. Mengine yote nimebaki nayo.

Saa kumi bosi akapita, akaona chungu. Nikamwambia ni cha bibi mmoja, amefiwa, hakitoki. Akasema sawa, akaenda zake.

Kumbe ilikuwa sawa tu.

Saa kumi na moja nilifunua. Unga umesimama. Nikafunika, nikafunga geti.