Mawifi Wawili Bado Wanakugombania, Mama

Mwaka umetimia, Mama, tangu mlango wa chumba chako uanze kuachwa wazi mchana kutwa. Ulipokuwa hai mlango huo ulikuwa na masharti kuliko wa benki. Mfuko wako wa maji ya dawa ukibadilishwa hakuna kuingia, hakuna kutoka. Feni inazimwa, dirisha linafungwa, paka anatolewa nje akiteta, vijidudu visikuingie. Sasa hata upepo unaingia bila kupiga hodi.

Tunakukumbuka kwenye ususi wako. Wateja walikufuata hata figo zako zilipogoma kazi, wakakaa juu ya maboksi ya dawa yaliyojaa sebule nzima, ukawasuka huku ukiwapasha habari za watu wasiowajua. Ulivuta nywele mpaka mtu anatoa machozi, kisha unamwambia, "Vumilia, uzuri hauji bure." Wewe mwenyewe kuvumilia hukuwahi.

Hatutasema uliupokea ugonjwa kwa tabasamu. Uligomba. Maji yaliingizwa tumboni kwa mrija, yakakaa humo saa kadhaa yakusanye uchafu ambao figo zimeshindwa kuutoa, kisha yakatolewa, yakaingizwa mengine. Kila siku, asubuhi mpaka usiku, sikukuu hakuna. Siku nyingine yalikataa kutoka, ukageuzwa ubavu huu, ukageuzwa ule, ukasimamishwa, nawe ukautukana mrija matusi ambayo tunashukuru wajukuu hawakuyasikia. Maji ya kunywa ulipimiwa kwa kikombe cha chai, na mtu akifungua soda chumba cha pili ulimsikia. Harusi ya mpwa wako uliishia katikati, ukarudishwa nyumbani kubadilisha mfuko. Ndani ya gari ukasema, "Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake."

Leo lakini tunataka kukueleza habari ya binti yako wa pekee, yule uliyempa jina la Kiherehere. Mwenyewe ametuambia tuandike bila kumpamba.

Muuguzi alipokuja kufundisha, Kiherehere ndiye aliyewahi kukunja mikono ya gauni. Nani tena kama si yeye? Ndiye mkubwa, anakaa mtaa wa pili, ana funguo za nyumba. Akanawa mpaka kwenye viwiko, akavaa barakoa, na kabla hajashika mfuko akanyoosha mkono, akakuwekea sawa kitambaa cha kichwa.

"Kanawe tena," muuguzi akasema.

Akanawa. Akarudi, akafukuza nzi begani kwako.

"Kanawe tena, dada."

Mara ya tatu alikufuta jasho. Hapo ulimgeukia muuguzi ukasema, "Huyu ataniua kwa mapenzi. Nipeni mkwe wangu."

Mke wa mwanao alikuwa bado mgeni ndani ya nyumba. Mtu wa maneno machache, fundi simu, mikono yake imezoea vitu vidogo. Alinawa mara moja, akaunganisha, akafungua, akafunga, wala hakugusa hata pua yake. Ukasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kiherehere aliyapokea maneno hayo kama kofi.

Tangu hapo wivu ulimkaa kooni. Alikuja na supu, akakuta mlango umefungwa, akakaa juu ya boksi akisikiliza. Maneno hayakusikika, mnong'ono tu, na mara mojamoja kicheko chako. Kicheko ndicho kilichommaliza.

"Wanacheka nini humo?" alimuuliza Baba.

"Unaniuliza mimi?" Baba akasema. "Mimi ni mume, na nimefungiwa nje kama wewe."

Alimwonea wifi yake kijicho kwa kila kitu: kwa mikono isiyotetemeka, kwa kujua kama maji yako yametoka safi au yana ukungu, kwa kuitwa "mkwe wangu" kwa sauti laini huku yeye akiitwa Kiherehere. Siku moja jikoni alishindwa, akasema, "Nimezaliwa mimi, anafaidi mwingine." Wifi yake aliendelea kukata vitunguu.

Ikabidi ajifunze kwa siri nyumbani kwake. Aliomba mfuko mtupu, akauning'iniza kwenye mlango wa kabati, akamlaza mumewe kitandani na kumbandika mrija kwenye shati kwa plasta. Miezi mingi, maskini shemeji yetu, kila akimaliza kula anakuwa mgonjwa.

Zamu ya Kiherehere ilifika mkwe wako alipokwenda kujifungua. Muuguzi akaja, akamtazama kwa mashaka, akampitisha. Siku tano, Mama. Aliufunga mlango ule kwa mkono wake, sisi tukabaki nje. Siku ya kwanza alitoka macho mekundu. Baadaye ndipo alipotuambia kwamba muda wote maji yanatoka hukumsifu hata kwa bahati mbaya. Ulimsifu wifi yake. Mkwe wangu ana mkono mwepesi. Mkwe wangu hanung'uniki. Mkwe wangu akiingia, hata maji yanatoka kwa adabu. Kiherehere hakugusa kitambaa, hakugusa chochote, kazi aliifanya barabara, na bado aliona amekalia kiti cha mtu.

Ukatuacha miezi michache baadaye, asubuhi. Haukuwa mfuko, haukuwa mrija, moyo ulichoka. Tulipokuwa tukitoa maboksi yaliyobaki, mawifi hao wawili walishika boksi moja, huyu huku na yule kule, na Kiherehere akashindwa kujizuia.

"Wewe angalau alikupenda," akasema. "Miaka miwili umemfaidi peke yako."

Mkwe wako akaliweka boksi chini. "Nimefaidi nini, wifi? Miaka miwili nimelishwa habari zako. Binti yangu hata asipotia chumvi supu inalika. Binti yangu alinilelea wadogo zake nikisuka mpaka usiku, na hajawahi kunisimanga. Mimi ndiye niliyeshika mfuko, anatajwa mwingine. Nilikuwa natoka humo roho inaniuma."

"Na vile vicheko?"

"Alikuwa anasimulia ulivyojisuka mwenyewe utotoni, nywele zikakataa kufumuka, ukanyolewa zote."

Wakatazamana, kila mmoja na wivu wake mkononi. Baba alikuwa pembeni. Akasema, "Mama yenu ndivyo alivyokuwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi kwamba ananipenda nilielezwa na majirani."

Basi siku hizi kila Jumapili mchana mmoja humwendea mwenzake, wakapeana uliyoyasema, kila mmoja akipokea yanayomhusu. Hawatoi mengi. Wanatoa moja moja, kwa ubahili, yasije yakaisha. Kugombana wanagombana, tena sana, ila kununiana kukivuka Jumamosi kuna hasara. Shida ni kwamba mkwe wako ana maneno ya miaka miwili, na Kiherehere ana ya siku tano. Sasa anayeona wivu ni mkwe wako. Anapokea kidogo kuliko anachotoa, na amelisema hilo mbele yetu sote.

Jumapili iliyopita, maneno ya Kiherehere yalikwisha. Akazungusha kijiko kwenye chai iliyokwisha kuchanganyika.

"Mama alisema," akaanza, "kwamba mkwe hana. Alisema alizaa mabinti wawili, ila mmoja alichelewa kufika."

Mkwe wako akatikisa kichwa. "Wifi, Mama hakusema hivyo."

"Hakusema," Kiherehere akajibu. "Nasema mimi."

Wanaokukumbuka ni mumeo, ambaye bado anawauliza majirani. Wanao wa kiume. Wajukuu zako wote, pamoja na yule aliyezaliwa siku zile tano. Wateja wako, ambao hakuna anayewavuta nywele wakaridhika. Na binti zako wawili.

Hujatutoka, Mama, wala hutatutoka.