Nani Alishangilia India

Alhamisi, 8 Juni 1967. Homa Bay

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Usimsomee mtu hata neno moja. Nina miezi minne tu ya ukarani serikalini, bado sijathibitishwa.

India wameanza krikiti na Uingereza, kule kule Uingereza. Tunasikiliza kwa redio ya Mzee Jivraj, kwenye baraza la duka lake. Ndiye aliyenifundisha mchezo huu. Leo bosi wangu, Bwana Nicodemus, ameniita. Nimwandikie majina ya wanaoshangilia India. Fomu ya Jivraj ya kuomba uraia iko mezani kwake. Mkenya hashangilii nchi ya watu, anasema.

Nikajibu, "Ndiyo, bwana." Ndiyo, bwana!

Jumatatu, 12 Juni

Ijumaa India walikuwa wamekwisha. Leo wamepita mikimbio mia nne! Benta, fundi wa cherehani, hajui lolote la krikiti, lakini alipanda juu ya kiti: "Wapige! Walitutawala hao!" Konstebo Otieno akapuliza filimbi ya kazi. Jivraj alilia. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Jumanne, 13 Juni

India wameshindwa, kwa wiketi sita.

Asubuhi nilipeleka majina matatu: Jivraj, Benta, Otieno. Nicodemus akayakata mawili kwa wino mwekundu. Hao hakuwauliza, alisema, hao wanamchukia mkoloni tu. Kwa hiyo Benta akipiga kelele ni mzalendo, Jivraj akipiga kelele ni mgeni! Masikio yaliniwaka kwa hasira. Nikasema nini? Ndiyo, bwana.

Jumanne, 27 Juni

Jana India walipigwa tena, vibaya sana. Jivraj hata hakuitaja mechi. Amepata barua, akaniletea nimsomee. Ombi limesimamishwa, uaminifu wake unachunguzwa.

"Karani, nani ananichukia hivi? Mama yangu alinizaa hapa hapa Kenya, kijijini Kisegi."

Nikaikunja barua, nikamrudishia. Mwoga mimi. Mwoga mkubwa!

Jumamosi, 15 Julai

Sabato, nami naandika. Mama asijue.

India wamepoteza na mechi ya tatu. Zote tatu! Lakini si hilo. Nicodemus aliningoja mlangoni pa kanisa. Amepiga taipu taarifa, eti nilimsikia Jivraj akisema Kenya si kwao. Hajasema kamwe! Imebaki sahihi yangu tu. Nikamwambia Sabato siandiki. Akacheka mbele ya waumini wote: huyo Mungu wangu ndiye atakayenithibitisha kazini? Akanisukumia karatasi mkononi. Jumatatu saa mbili iwe imetiwa sahihi, la sivyo nisikanyage tena ofisini kwake.

Nimeipasua. Nimeandika yangu, kwa mkubwa wake Kisumu: majina yote ya barazani, na langu, na nani aliyakata yapi. Basi la Migori linaondoka alfajiri, nami narudi nyumbani.

Benta, ukurasa huu nimeung'oa daftarini, nakuachia wewe. Mpe Mzee Jivraj pamoja na barua, yeye aipeleke Kisumu. Wakimwita kumhoji, anifuate nikaseme mbele yao. Ashuke Migori, avuke daraja, aulize nyumbani kwa mama yangu, Nyanchama muuza mahindi. Ofisi asiitaje, Mama ataogopa. Nisipokuwepo nyumbani niko shamba la chini, kando ya mto. Aite kwa nguvu. Nikikaa kimya, aendelee kuita. Na aje upesi, kabla sijaanza tena kuogopa.