Diski Niliyokuletea

Kwako Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu ulinilea hivyo, na hata nikiwa na hasira mdomo wangu hautaki kuruka salamu. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua na kwamba mama anakulazimisha kuvaa sweta asubuhi. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linaloangalia ukuta, jirani wa kushoto anapiga chafya mpaka vikombe vyangu vinagongana, na kazini bado nakata vioo vya miwani. Hayo ndiyo ya afya. Sasa tuje kwenye ugomvi wetu, maana sikukaa chini kukuandikia ili tuulizane hali.

Mama alinipigia simu jana. Amesema umeteremsha kile kibao cha fundi kilichokuwa juu ya mlango, umefunika meza ya kazi kwa shuka, na redio za watu umezirudisha kwenye mifuko bila kuzifungua. Amesema Jumamosi anakuja mtu wa vyuma chakavu kuchukua meza, kipimo cha umeme, chuma cha kulehemu na kila kitu, kama takataka za mtu anayehama. Alipokuuliza kwa nini, ulimjibu kwamba mikono yako siku hizi inaua vitu vya watu. Halafu mama akaanza kulia, nami nikakata simu, kwa sababu siwezi kumsikiliza mama akilia kwa ajili ya kiburi chako. Ndiyo, nimesema kiburi. Nitalitaja tena neno hilo kabla sijamaliza.

Lililotokea unalijua, lakini nitaliandika mwenyewe, maana shangazi amekuwa akilisimulia kwa namna yake na kila akilisimulia linanenepa.

Jumapili ile mchana, miezi mitatu iliyopita, nilikuletea diski ya kompyuta yangu ya gemu. Nilikuambia imegoma kuwaka tu. Ndani yake kulikuwa na mji wangu, ule niliokuwa naujenga kwenye gemu kwa miaka sita, mtaa kwa mtaa. Unaujua vizuri sana. Kompyuta yangu uliiita sanduku la upuuzi, kisha ukaja kusimama nyuma ya kiti changu na kikombe mkononi, ukaniambia nguzo za umeme nimezipanga mbalimbali mno na kwamba mtaa wa chini utakaa gizani. Nilikuwa nakujibu kwamba hakuna aliyekuuliza. Ukishaondoka nazisogeza.

Siku hiyo walikuwepo wenzako wawili pale karakana, fundi viatu na yule dereva mstaafu. Ulinitania kwamba Bisibisi leo kaleta mgonjwa. Jina hilo umeniita tangu nikiwa na miaka minne, wakati kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya meza na kukupa bisibisi kila ukinyoosha mkono. Uliigeuza diski, ukaigonga kwa ukucha, ukatangaza kwamba kitu chochote kinachozunguka ni ndugu wa redio kaseti. Uliona skrubu mbili zimelegea, ukaniuliza kama kuna mtu ameigusa kabla yako. Nikasema hakuna.

Fundi viatu alikusomea kwa sauti maandishi yaliyo juu ya kifuniko, yanayokataza kukifungua. Ulimwambia maandishi ya namna hiyo huwekwa ili kuwatisha wasio mafundi. Ukafungua. Ukapanga skrubu kwenye kizibo cha chupa kwa utaratibu wako ule ule, ukachovya pamba kwenye spiriti, ukaifuta ile sahani inayong'aa kama unavyofuta kichwa cha kaseti. Baba, mimi nasaga vioo kila siku ya kazi. Najua chembe moja ya vumbi inafanya nini kwenye kitu kilichong'arishwa. Nilisimama pale nikakutazama mpaka ukamaliza, na sikufungua mdomo.

Nikaufungua ilipokataa kuwaka. Nilipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakasimama. Nilisema umeiua. Nilisema hujui chochote zaidi ya redio za watu waliokwisha kuzikwa, na kwamba wanaokuletea kazi wanakuonea huruma tu. Fundi viatu alivaa kofia yake akaondoka, dereva akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Wewe ulisema neno moja, Bisibisi, kwa sauti ya chini, nami nikakukataza usiniite hivyo tena. Ukarudisha kifuniko bila kukaza skrubu zote. Maisha yangu yote sijakuona ukiacha skrubu mezani. Wiki hiyo hiyo nikafungasha nguo na kuhama.

Basi nikaamua kujenga kompyuta mpya, na nikaijenga kwa hasira. Nilitaka isimame pale mezani na mikono yako isiwe imeigusa. Nilikusanya kifaa kimoja kimoja: kasha, bodi, prosesa, kadi ya picha yenye feni mbili, na diski ya aina mpya ambayo ndani haina kitu kinachozunguka, ili asitokee tena mtu wa kuniambia ni ndugu wa redio kaseti. Nilivipanga juu ya meza ya kupigia pasi. Nikaunganisha vyote, nikabonyeza swichi, na hata taa haikuwaka.

Siku tatu nilikuwa narudi kutoka kazini, nakula nimesimama, kisha naanza kuitukana. Muuza vifaa aliniambia kwa simu kwamba huenda bodi ni mbovu, niing'oe nimrudishie. Nilikuwa nimeshashika bisibisi ndipo sauti yako iliponijia kichwani, bila kualikwa kama kawaida yake: anza ukutani, ufuate umeme mpaka unapokomea, ndipo ulaumu kifaa. Nilichukia, nakwambia ukweli. Nilichukia kwamba hata chumba nilichokimbilia ili nikuepuke kina wewe ndani. Lakini niliufuata umeme kutoka ukutani, waya kwa waya, na nikakuta ule mdogo wa prosesa umekaa nusu, haujasukumwa mpaka ukalia. Nikausukuma kwa dole gumba. Feni zikaanza kuzunguka. Nilipoinama kuchukua skrubu nifunge kasha, nikaona zote zimo ndani ya kizibo cha chupa, zimepangwa. Sikumbuki nilikitafuta saa ngapi kile kizibo.

Nikaweka gemu, nikaanza mji mpya. Barabara ya kwanza nilichora vizuri tu. Nilipofika kwenye nguzo ya kwanza ya umeme niligeuka nyuma, na hakukuwa na mtu wa kumwambia aninyamazie. Niliizima. Ilikaa imezimwa siku nne, mpaka mama alipopiga simu.

Sasa yanayofuata yasome ukiwa umekaa.

Diski ile hukuiua wewe. Niliiua mimi, siku ya Jumatano, siku nne kabla hujaigusa. Nilikuwa nacheza gemu la mpira na mtu nisiyemjua, akanifunga mabao matano na kila bao ananitumia vicheko. Nikapiga kasha teke chini ya meza, kwa nguvu zangu zote, kompyuta ikiwa inafanya kazi. Ikaanza kulia ndani, tik, tik, tik, kisha ikanyamaza. Hasira hizo nimezirithi kwako, lakini mguu ulikuwa wangu.

Alhamisi niliipeleka kwa mtaalamu mmoja karibu na kazini kwetu, anayeokoa data za watu. Aliifungua ndani ya kabati lake la kioo lisiloingia vumbi, akanionyesha mkwaruzo wa duara uliozunguka sahani nzima. Alisema sindano inayoisoma sahani ndiyo imeilima, na kwamba hakuna fundi duniani atakayetoa kitu humo. Akaifunga, akaniandikia kikaratasi, akakipiga muhuri. Zile skrubu mbili ulizoziona zimelegea alizilegeza yeye. Jicho lako halikukosea. Nilikudanganya nikikutazama usoni.

Ijumaa na Jumamosi nilizunguka na kitu hicho kwenye mkoba. Sikuweza kukubali kwamba miaka sita imeondoka kwa teke langu mwenyewe. Nilitafuta wa kumbebesha, nikakupata wewe. Nilijua utaifungua, Baba. Nina miaka ishirini na saba na sijawahi hata siku moja kukusikia ukisema juu ya kifaa chochote kwamba hiki sikijui. Nikangoja Jumapili, siku ambayo wenzako wanakuwepo, nikakuwekea maiti mezani ili ionekane imefia mikononi mwako. Kisha nikaililia mbele ya watu.

Nilisema nitalitaja tena neno kiburi. Safari hii ni changu.

Kikaratasi kimo ndani ya bahasha hii. Kina jina langu na muhuri, na kimeandikwa kwamba haiokoleki. Angalia tarehe. Mwonyeshe fundi viatu, mwonyeshe na yule dereva. Mpe na shangazi akisome, aanze kunisimulia mimi, safari hii kwa haki.

Usidhani hasira zangu kwako zimekwisha kwa sababu nimeungama. Bado nimekukasirikia. Ungesema tu hujui, mtego wangu ungeniangukia mwenyewe palepale. Na nimekukasirikia zaidi kwa kuniamini. Mtu anafanya kazi miaka arobaini, halafu anakuja binti yake na uongo wa nusu saa, naye anafunika meza kwa shuka! Ungenifukuza. Ungenipiga hata kofi. Lakini wewe ukaamua kwamba mikono yako ndiyo yenye makosa. Sina la kufanya na hilo, linanikosesha hamu ya kula.

Mtu wa vyuma akija Jumamosi, mfukuze. Akiwa ameshapakia, mwambie ashushe. Hiyo meza haina kosa na wewe huna.

Kuna jambo jingine. Kompyuta yangu mpya ina feni moja, ya nyuma, inayonguruma ikishapata joto. Nimeifungua mara mbili, nimefuata umeme kutoka ukutani, nimekaza kila kinachokazika. Sijui ina nini. Umeona, nimeliandika neno hilo kwa mkono wangu na bado nipo hai. Nitaileta Jumapili mchana. Ukiitazama na wewe ukaona hujui, niambie hujui, tukae tuisikilize wote wawili.

Barua hii siipeleki posta, haitawahi. Naileta mwenyewe leo Alhamisi, nitaipenyeza chini ya mlango wa karakana saa ile mnayopumzika, na sitabisha hodi kwa sababu sijapata uso wa kukuletea. Msalimie sana mama, mwambie anisamehe kwa kumkatia simu. Shangazi usimpe salamu zangu, kikaratasi kitamtosha. Vaa sweta.

Ni mimi mwanao,

Bisibisi