Popo Nilimfungia Mimi

Jumamosi, Likoni. Mawingu tangu asubuhi, mvua yataka kunya na hainyi. Sijala kitu.

Mnaonisoma hapa mwanijua. Skuli niliishia darasa la pili, nachapa kwa kidole kimoja, lakini hapana dereva hapa hadi mpakani aliyeniweza. Miaka thelathini na minane ya malori, hata kioo sijavunja. Kombi yangu niling'oa viti kwa mikono yangu, nikatia kitanda na jiko, na nikisafiri huwa na mbwa wangu wawili, Popo na Tausi. Majirani walisema, mzee wa msikitini na mbwa wapi na wapi? Nikawaambia mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, kasomeni.

Juzi nilikuwa njiani kwenda Voi. Nafika Changamwe, simu: sahibu yangu Athumani amefariki, azikwa Jomvu Kuu baada ya adhuhuri.

Nikaenda. Nikaegesha chini ya mwarobaini, kivuli kizuri. Nikatawadha, nikavaa kanzu nyeupe. Vioo vyote nikavipandisha, Popo na Tausi wamo ndani, maana watoto wa msibani wangetia mikono walambwe, kisha washike nguo za watu wanaokwenda kuswali.

Mpwa wangu Mwanaisha, aliyekuwa akipokea wageni, alinifuata mpaka garini.

"Mjomba, kivuli hiki chahama. Wafunge huku uani, nitawatazama mimi."

"Mimi nimeegesha malori mamako hajaolewa," nikamwambia. "Leo ndiwe wa kunifunza kivuli?"

Wanawake waliokuwa pale wakacheka. Yeye akainama, akaondoka. Nami nilifurahi, wallahi nilifurahi.

Tumeshapanga safu mbele ya jeneza, nikawasikia. Haukuwa mbweko wa kumkaripia mtu. Walikuwa wakiita. Ufunguo ninao mfukoni. Nikawaza: nikifungua watanirukia, mate yao najisi yaingie kanzuni, niioshe mara saba, moja kwa mchanga, na jeneza lishatoka. Nikabaki safuni.

Kisha wakanyamaza.

Nikashukuru kwamba wametulia.

Kurudi kutoka makaburini, kombi yote i juani, bati halishikiki. Popo alikuwa amelala nyuma ya mlango, kucha zimeuchana mpira wake. Alikuwa ameshakufa. Tausi alikuwa chini ya kitanda, ahema kwa shida. Nikamtoa nimemkumbatia, povu lake lote kifuani mwangu. Kanzu sikuikumbuka.

Mwanaisha ndiye aliyeleta maji. Alimmwagia Tausi kichwani, taratibu, mpaka akafungua macho. Watu wakauliza kumetokea nini. Nikasema Popo alikuwa mgonjwa tangu tulipotoka nyumbani.

Mwanaisha alinitazama. Akaendelea kummwagia Tausi maji. Angelisema neno, ningelipata pa kubishana naye.

Popo nimemzika mwenyewe huku nyuma ya nyumba, na mgongo huu. Tausi hataki kukaribia kombi. Nikigusa mlango tu, aondoka alipolala, aenda kukaa mbali na mimi.

Siku mbili nimekuwa nikiwaambia majirani, ugonjwa, ugonjwa. Hata mimi nilianza kuamini.

Hakuwa mgonjwa.

Mwanaisha, najua wasoma hapa. Uliniambia, nami nikakufanya kichekesho mbele za watu. Kesho asubuhi naja Jomvu, inshallah. Waite wale wanawake waliocheka. Nataka na wao wanisikie.