Vijiti vya Ngoma ya Vita

Iringa, 9 Juni 1956

Mdogo wangu Verediana,

Kwa heshima zote nakutangazia wewe na shemeji kwamba jana, saa nne kamili, mbuzi wetu alikula kofia yangu ya kanisani. Mke wangu Lea amefurahi, eti sasa waumini watakiona kipara changu. Shemeji asicheke, chake kiko njiani.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuandika jumbe alipopiga hodi.

Unajua ngoma ya vita hukaa kwake, na vijiti vyake hukaa kwangu, kama vilivyokaa kwa baba, ili jumbe asiipige mpaka wazee wakae barazani na kukubali. Leo amekuja na vijana sita wenye mikuki. Anasema ninyi wa ng'ambo ya mto mmelisha ng'ombe kwenye bonde letu.

"Lete vijiti, Liberatus."

"Baraza halijakaa, jumbe."

"Litakaa tukisharudi."

Ningependa kukuandikia kwamba nilisimama mlangoni kama baba. Sikusimama. Nilivitoa kwa mikono miwili, na nikamwambia asante. Sasa ngoma inalia na wanaume wanakusanyika.

Katekista Kalinga anawahi kuvuka na barua hii kwa baisikeli. Chukua wapwa zangu, mwite shemeji, mkimbilie misheni sasa hivi. Usirudi kufunga mlango.

Ni mimi kaka yako, niliyetoa vijiti,
Liberatus