Kwa Bado Kidogo, na Gari Ulilotuachia Kabla Halijawaka

Mwaka umetimia sasa, baba watoto, tangu ua wetu unyamaze. Majirani waliokuwa wakilalamikia kelele za mashine zako wanasema siku hizi hawapati usingizi wa mchana kwa sababu ya ukimya. Naandika haya kwa niaba ya nyumba nzima, lakini anayeandika ni mimi mkeo, kwa hiyo utanivumilia nikikusema kidogo. Hata ulipokuwa hai hukuniponyoka.

Watu walikuita Bado Kidogo, na jina hilo ulijitafutia mwenyewe. Mtu akija kuulizia pikipiki yake, unamjibu "bado kidogo" bila kuinua kichwa. Chakula kikipoa mezani nikikuita, bado kidogo. Siku ya harusi ya mdogo wako, sote tumevaa tumependeza, wewe uko chini ya chasi, miguu tu ndiyo inaonekana, na sauti inatoka huko chini: "Bado kidogo." Uliingia harusini na grisi masikioni. Kwenye picha unaonekana vizuri.

Hukuwa na gereji. Ulikuwa na ua wetu, turubai, mashine ya kuchomelea, na meza iliyokuwa ya kulia chakula mpaka ulipoifungia jiliwa ya kubania vyuma. Watu walikuletea pikipiki walizokwisha kuzikatia tamaa. Ulizikata, ukazirefusha, ukazivisha matairi ya makucha na springi ngumu, zikaenda kusikoendeka. Nawe hukupima chuma kabla hujampima mtu. Mteja ulimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, ukamwambia anyooshe mikono kana kwamba anaendesha, ukamzunguka polepole. Mkunga ulimpima hivyo, kisha ukamtengenezea pikipiki yenye kitanda pembeni, maana ulisema mama mwenye uchungu hawezi kubebwa kama gunia. Bado inatembea hiyo. Juzi ilipita hapa.

Gari lako la kwanza la porini nalo tutalisahau vipi? Ulilijenga msimu mzima wa mvua, ukapima kila kitu isipokuwa geti. Siku ya kulitoa likafika pale likagoma, pana kuliko njia. Ulilitazama geti, ukanitazama mimi, ukasema, "Aliyejenga geti hili hakuwa na akili ya mbele." Aliyelijenga ni wewe. Ukang'oa nguzo ya upande mmoja, na ulipoirudisha hukuichimbia tena, uliifunga kwa bolti. Wageni hushangaa kuona nyumba ambayo nguzo yake inafunguliwa kwa spana. Sisi tumezoea.

Chombo kikishakamilika, hukukiwasha wewe. Niwe nafua, niwe nimelala kichwa kinaniuma, ulikuja mlangoni ukijifuta mikono na kitambaa: "Mama watoto, njoo utie mkono wako wa baraka." Nakuja nikinung'unika, nageuza ufunguo, na chombo kinawaka palepale. Hakikunigomea hata kimoja. Wateja ulikuwa ukiwaambia, "Mimi nafunga bolti tu, uhai anautia mke wangu." Nilijifanya sisikii, lakini kichwa kilinivimba.

Sasa nifike kwenye hili gari.

Mama yangu anaishi ng'ambo ya bonde la mawe, ambako barabara inaishia chini na kilichobaki ni njia ya miguu na makorongo. Tangu goti langu liharibike sikuweza tena kupanda. Nikawa binti wa kwenye simu. Siku moja ulinikuta nalia baada ya kuzungumza naye. Uliichukua simu mkononi mwangu, ukampigia tena, ukamwambia, "Mama, nitakuletea mwanao mpaka mlangoni. Si hapo chini. Mlangoni." Nikamsikia akikujibu, "Ahadi ni deni, mkwe wangu." Nawe ukacheka: "Kawia ufike, mama."

Kesho yake ulianza kukata vyuma. Ulinikalisha kwenye ndoo kama mteja mwingine yeyote, ukapima goti langu linakunjika mpaka wapi, na ngazi ya kupandia ukaiweka kwa kipimo hicho. Nilikwambia naona aibu. Ukasema mwenye kuona aibu ni goti, si mimi.

Ugonjwa ulikukuta fremu imesimama na injini imeshakaa. Mikono iliposhindwa kushika mashine, ulihamia kwenye kiti cha plastiki, ukawa macho, na binti yetu mkubwa, mshona nguo, akawa mikono. Ulimwambia, "Chuma ni kitambaa kigumu tu, mwanangu. Usiuharakishe mshono." Ulituaga zikiwa zimebaki breki na nyaya. Akamalizia vile ulivyomwelekeza, akilia ndani ya ile barakoa ya kuchomelea ili tusimwone. Kisha akaja jikoni akasema, "Mama, imebaki kuliwasha tu."

Nikamjibu, "Bado kidogo."

Sikufichi, mume wangu. Niliogopa. Likiwaka, kazi yako imekwisha. Likikaa pale chini ya turubai, naweza kujidanganya kwamba umetoka kutafuta kipuri, utarudi jioni na maneno yako. Nililifuta vumbi kila asubuhi, ufunguo sikuugusa. Nilitaka nibaki na kitu chako kimoja ambacho hakijaisha. Watoto walinionea huruma, hawakunisukuma. Goti likazidi, na mama naye hakungoja nimalize kulia ndipo azeeke.

Mwezi huu alinipigia. Sauti yake imekuwa nyembamba siku hizi, unaisikia kwa kutega sikio. Hakusalimia. "Mwanangu," alisema, "marehemu ana subira. Mimi sina." Akakata simu.

Basi tukakusanyika uani. Mdogo wako kinyozi alifunga kibanda chake, wajukuu walipanda juu ya meza yako bila ruhusa. Nilipanda ile ngazi, goti halikulalamika. Nikageuza ufunguo. Kimya. Nikageuza tena, injini ikakohoa, ikafa. Nikashuka. Niliwaambia baraka yenyewe imezikwa pamoja nawe, nikaingia ndani, nikajifunika uso kwa shuka lako.

Shemeji alinifuata, akasimama mlangoni akikuna kichwa.

"Shemeji, kaka aliniapisha nisiseme."

"Usiseme nini?"

"Hukuwahi kuwa wa kwanza kuwasha. Alikuwa anangoja uende sokoni. Ukishapinda kona tu, anaanza. Inamgomea weee, anafungua, anafunga, anaitukana, mpaka inakubali. Halafu anaizima, anaiacha ipoe. Ukirudi, anajifuta mikono, anakuja kukuita."

"Sasa kwa nini afanye hivyo?"

"Alisema hataki kitu chochote kikugomee mbele za watu."

Miaka yote hiyo, baba watoto. Laiti ningekupata siku ile ningekufinya. Nililia, nikacheka, nikalia upya, na shemeji masikini hakujua ashike lipi. Kumbe ndiyo maana kila nikirudi sokoni nilikuta ua mzima unanuka moshi, nawe ukaniambia jirani anachoma takataka.

Nikajua pia kwamba hili hakuna aliyelijaribu kabla yangu. Safari hii hukuwepo kunitangulia. Nilirudi uani. Binti yako alisafisha plagi, akavuta choki kuiongezea injini mafuta kama ulivyomfundisha. Niligeuza ufunguo, likagoma. Nikageuza, likagoma, mbele za watu wote, na wala sikuona haya. Kisha likashika. Turubai likapepea, majirani wakatoka, wajukuu wakaziba masikio. Mimi niliganda na usukani mikononi, machozi yananitiririka, nikisikiliza ulichokuwa umekiweka ndani ya chuma kile na ambacho nilikuwa nimekifungia mwaka mzima.

Jumamosi tulifungua bolti za nguzo tukalitoa. Binti yako ndiye aliyeendesha. Kiti cha dereva ulikipimia miguu yako mirefu, kwa hiyo hafiki kwenye pedali. Kaka yake alitaka kukisogeza, tukamkataza. Tulimwekea binti mito mgongoni. Gari lilishuka bondeni likiyumba, likakanyaga mawe, likapanda makorongo moja baada ya jingine, na kila liliponirusha nilikuita jina.

Mama alikuwa ameketi kizingitini, fimbo miguuni. Hatukusimama chini. Tulisimama mlangoni, karibu kiasi kwamba niliposhuka kwenye ngazi yako nilianguka moja kwa moja kifuani pake. Hakunikumbatia muda mrefu kama nilivyodhani. Alinisogeza kando, akajikongoja hadi upande wa dereva, akaitazama ile mito iliyojaza nafasi yako. Akaweka kiganja juu ya boneti, ikiwa bado ya moto.

"Mkwe wangu," alisema, "umekawia. Lakini umefika."

Unakumbukwa na mimi mkeo. Na binti yako mshona nguo, ambaye sasa watu wanamletea pikipiki. Na mwanao wa kiume, anayejifunza kutosogeza vitu. Na mdogo wako kinyozi, tuliyemsamehe kwa kutunza siri. Na mama yangu, mkweo, ambaye sasa tunamtembelea. Na wajukuu zako, wanaogombania ndoo ili wapimwe. Anakukumbuka mkunga, na kina mama aliowahi kufika kwao kwa wakati.

Pumzika, Bado Kidogo. Kazi yako imekwisha. Ya kwetu ya kukukumbuka haina siku ya kwisha.